Kiingereza cha jioni kifundishwe kwa Kiswahili

Mtihani wa kumaliza darasa la saba hufanyika Septemba. Kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati pana miezi mitatu na ushei ambayo haimo katika mtaala wowote, na humo ndimo watoto wa nchi hii wanapoachana njia. Mwenye wazazi wa uwezo hulipiwa masomo ya maandalizi, yale yanayotangazwa kwenye nguzo za umeme kwa jina la "pre-form one", akapigwa msasa wa Kiingereza na kuonjeshwa fizikia na kemia kabla ya wenzake. Aliyesoma Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, na kwao hakuna cha ziada, hushinda stendi akiuza karanga, au machungani, au kama ni msichana hupelekwa mjini kwa shangazi "kusaidia kazi kidogo", ambazo mara nyingi si kidogo. Januari wote wawili wanakalishwa dawati moja mbele ya vitabu vilevile. Toa somo la Kiswahili na lile jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, karibu vyote vilivyobaki vimeandikwa kwa Kiingereza.

Katika pengo hilo, na katika jioni za miezi mingine, wamejitokeza watu ambao hawaandikwi sana magazetini. Ni kijana aliyemaliza kidato cha sita anayesubiri chuo, mwalimu mstaafu ambaye hajazoea kukaa bure, mwanachuo aliye likizo, mama wa kwaya aliyeombewa ukumbi wa kanisa, ustadhi aliyeruhusiwa kutumia madrasa baada ya alasiri. Wanakusanya watoto 20 au 30 wa mtaa wao, wanatafuta ubao na chaki, wanafundisha Kiingereza bila kulipwa. Nawaunga mkono, na sitaki hilo litiliwe shaka kwa sababu ya nitakayosema. Ugomvi wangu ni namna wengi wao wanavyofundisha. Darasa linaanza kwa nyimbo za salamu, linaendelea kwa orodha ya wanyama na rangi, na ukutani kuna karatasi inayokataza Kiswahili kisizungumzwe mle ndani. Kwa maoni yangu hapo ndipo nia njema inapopotea. Kiingereza cha mtoto maskini kinapaswa kufundishwa na jirani yake, kielezwe kwa Kiswahili, na kilenge jambo moja, nalo ni kumwezesha kusoma kitabu cha kidato cha kwanza na kukielewa.

Ili kuona kwa nini nang'ang'ania lengo hilo moja, inafaa kukumbuka jinsi ukuta huu wa lugha, kati ya shule ya msingi na sekondari, ulivyojengwa. Kuanzia mwaka 1967, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali, sekondari ikabaki na Kiingereza kwa matarajio kwamba nayo ingefuata. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kidato cha kwanza ifikapo 1985. Mwaka uliofuata serikali ikasema hapana. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu na kukuta kwamba ni kama 1 tu kati ya 10 wa kidato cha nne aliyefikia kiwango ambacho mtu angetegemea kiwe cha kuanzia kusoma kwa lugha hiyo. Yaani waliokuwa wanamaliza hawajafika pa kuanzia. Jambo la ajabu ni kwamba taarifa hiyohiyo haikushauri lugha ibadilishwe. Ilishauri Kiingereza kiongezewe nguvu, na ukaja mradi wa fedha za Uingereza uliogawa vitabu vya hadithi mashuleni hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mradi ulikwisha, tatizo likabaki.

Baada ya hapo tumekuwa tukizunguka mti uleule. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika katika ngazi zote. Toleo lake la 2023, lililozinduliwa Dodoma mwanzoni mwa mwaka 2025, limekirudisha Kiingereza kuwa lugha ya sekondari. Toleo hilo pia limeweka elimu ya lazima ya miaka 10, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Kila mtu alishangilia miaka 10, na ni kweli inastahili kushangiliwa. Lakini upande wa lugha maana yake ni kwamba mtoto wa Kayumba ataufikia ukuta mwaka mmoja mapema kuliko kaka yake. Na uzoefu wa kaka yake si wa kutia moyo: Uwezo, upimaji wa kujitegemea ambao wahojaji wake wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba, uliripoti mwaka 2010 kwamba karibu nusu ya watoto wanaomaliza darasa la saba hawakuweza kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili.

Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ametumia miaka mingi kutenganisha mambo mawili ambayo wazazi na wanasiasa wetu huyachanganya: kujifunza Kiingereza, na kujifunza mambo mengine kwa Kiingereza. La kwanza ni somo, na kila mzazi ana haki ya kulitaka. La pili ni mlango, na aliyekosa ufunguo anakosa kila kilichomo chumbani, hata kama angekuwa hodari wa hesabu kuliko wote. Mwalimu wa kujitolea hana uwezo wa kubomoa ukuta wala kubadilisha sera. Anachoweza ni kuchonga ufunguo. Na ufunguo wa kidato cha kwanza haufanani na ule wa kuongoza watalii Ngorongoro. Mtoto anayejua kusema habari za asubuhi kwa lafudhi ya kupendeza bado atakwama kwenye ukurasa wa pili wa kitabu cha biolojia.

Tukae kidogo na mtoto huyo anaposoma, kwa sababu hapa ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa. Kila irabu ina sauti yake na haigeuki. Mtoto aliyelelewa na kanuni hiyo kwa miaka saba akikutana na neno la Kiingereza "mate", lenye maana ya mwenza, anasoma mate, yale ya mdomoni. "Pole", yaani mlingoti, kwake ni pole ya mgonjwa. "Same" ni wilaya ya Kilimanjaro. Hasomi hivyo kwa ujinga: anatumia kanuni aliyofundishwa, na anaitumia sawasawa. Mwalimu anayejua Kiswahili anaelewa mara moja kosa limetoka wapi. Kwa dakika tano anaweza kumweleza kwamba ile "e" ya mwisho haitamkwi, imewekwa pale kuivuta irabu iliyotangulia, na mtoto akapata njia ya maneno mengi kwa mpigo. Ukitaka kumweleza jambo hilo kwa Kiingereza kitupu, utahitaji Kiingereza ambacho yeye hana, ndicho alichokuja kukitafuta.

Au chukua sentensi. Mtoto anaandika kwamba mama yake ni mgonjwa, halafu anamtaja mama huyo kwa "he". Mgeni atasahihisha mara 50 na kuchoka, akidhani mtoto hasikilizi. Jirani anajua kwamba "yeye" wetu hana jinsia, kwamba mtoto hajawahi maishani mwake kulazimika kuchagua, na kwamba kinachotakiwa ni kumweleza kwamba Waingereza wameligawa "yeye" mafungu mawili. Mtoto mwingine ataandika "I hear hungry". Sisi tunasikia njaa, tunasikia harufu, tunasikia baridi. Kiingereza kina kitenzi kimoja kwa sikio na kingine kwa tumbo. Makosa haya yana ramani, na ramani yake ni Kiswahili. Anayekifukuza Kiswahili darasani anaitupa ramani hiyo nje ya dirisha kisha anawalaumu watoto kwa kupotea njia.

Kisha kuna maneno machache yanayoamua maksi. Maswali ya mitihani ya sekondari huanza kwa amri: "state", "outline", "account for". Mwanafunzi ambaye "account" anaijua kwa maana ya akaunti ya benki tu hatafahamu kwamba ametakiwa kueleza sababu. Ataandika alichokariri juu ya mada hiyo, kurasa mbili nzima, na atapata sifuri ya jibu la swali ambalo hakuulizwa. Orodha ya amri hizo haifiki 20. Kila moja ikifundishwa kwa Kiswahili, kwa mfano wa swali ambalo mtoto anajua jibu lake (taja sababu tatu za mahindi kunyauka, kisha eleza moja kati ya hizo), zote zinaingia katika wiki mbili. Sioni zawadi ya bei rahisi kuliko hiyo ambayo mtu aliyefika kidato cha nne anaweza kumpa mtoto wa jirani.

Wapo watakaonipinga hapa, tena kwa nguvu, wakisema lugha hujifunzwa kwa kuogelea ndani yake. Watatoa mfano wa shule za mchepuo wa Kiingereza: mtoto wa miaka minne anaingia hajui neno, na baada ya miaka miwili anawasahihisha wazazi wake mezani. Mfano ni wa kweli, lakini umesahau hesabu. Mtoto yule anakisikia Kiingereza kutwa nzima, siku tano kwa wiki, miaka saba, kwa walimu walioajiriwa kwa kazi hiyo, na akirudi nyumbani anawasha katuni za Kiingereza kwenye televisheni. Darasa la jioni, likienda vizuri sana, ni saa mbili kwa siku tatu za wiki. Tangu katikati ya Septemba hadi mwanzoni mwa Januari ni wiki kama 16, yaani saa zisizozidi 100. Kwa saa 100 huwezi kumwogelesha mtu baharini. Unaweza kumfundisha mikono iende vipi na miguu iende vipi, na kumwonyesha mkondo ulipo. Saa moja inayopita bila mtoto kuelewa kilichosemwa ni moja ya hizo 100, na haina wa kuirudisha.

Isitoshe, kukataza Kiswahili kuna gharama ambayo haionekani kwenye daftari. Mtoto anayeogopa kuchekwa hunyamaza, na ukimya wake husomwa kama upumbavu. Wanaoumia zaidi ni wale wale ambao darasa lilianzishwa kwa ajili yao, yaani mtoto ambaye nyumbani hakuna gazeti, ambaye hajawahi kumsikia mtu mzima wa kwao akitamka sentensi ya Kiingereza, na ambaye tayari anaamini lugha hiyo ni ya watu wengine. Huyo akizomewa mara moja, harudi.

Hili la kutorudi lina ushahidi wake, na ni ushahidi wa pande mbili. Pratham, shirika la India ambalo upimaji wake ndio uliokuwa kielelezo cha Uwezo, liliwahi kuwafunza vijana wa vijijini katika wilaya ya Jaunpur, jimbo la Uttar Pradesh, waendeshe kambi za kusoma bila malipo. Watafiti waliofuatilia, akiwemo Esther Duflo ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel ya uchumi, walikuta kwamba watoto waliohudhuria walipiga hatua kubwa. Hata wale ambao mwanzoni hawakujua herufi walifika pa kuzitambua. Vijana wale hawakuwa walimu. Walikuwa majirani wenye mafunzo ya siku chache, wakifundisha kwa lugha ambayo watoto waliielewa. Upande wa pili wa ushahidi ni mchungu: waliohudhuria walikuwa wachache, na hata miongoni mwa watoto wasiojua kusoma kabisa waliofika walikuwa kama 13 kati ya 100. Anayehitaji darasa kuliko wote ndiye asiyekuja mwenyewe. Inabidi mtu apite nyumbani, aongee na bibi anayemlea, akubaliane na mama muda ambao karanga zinaweza kumsubiri. Kazi hiyo mgeni wa wiki mbili haiwezi. Inafanywa na mtu anayejua njia ya kupitia nyuma ya mashine ya kusaga.

Nimemtaja mgeni, na sina budi kusema neno juu yake, maana ukienda Moshi au Arusha utamkuta. Vijana kutoka Ulaya na Marekani hulipa fedha nyingi, tena zikipitia kwa mawakala, ili waje kufundisha Kiingereza watoto wetu kwa wiki chache. Wengi wana moyo mzuri, na baadhi ya watoto wamepata kwao marafiki, na hata wafadhili. Lakini mtoto anayefundishwa rangi na wanyama na kijana wa Machi, kisha akafundishwa rangi na wanyama na mwenzake wa Aprili, mwisho wa mwaka atakuwa bingwa wa rangi na wanyama. Mgeni anayetaka kufaa kweli akae nyuma ya darasa: asome kwa sauti kifungu ambacho jirani amekwisha kukieleza, asahihishe matamshi ya jirani mwenyewe baada ya watoto kuondoka, anunue chaki. Ni kazi isiyopendeza kwenye picha, nakubali.

Pingamizi zito zaidi linahusu jirani mwenyewe. Je, aliyetoka kidato cha nne na Kiingereza cha kuokota afundishe nini zaidi ya makosa yake? Historia yetu ina majibu mawili, na yote mawili yasikilizwe. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, taifa lilipoamua kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977 (mpango wa elimu ya msingi kwa wote, uliojulikana kama UPE), vijana wa darasa la saba waliingizwa madarasani wakajifunza ualimu kazini. Walisaidia mamilioni kujua kusoma kwa Kiswahili. Lakini walipotakiwa pia kufundisha Kiingereza ambacho wao wenyewe hawakukipata, walichopitisha ni uhaba. Jina la "mwalimu wa UPE" likawa mzaha, kama baadaye walivyobandikwa wenzao waliofunzwa ualimu harakaharaka la "vodafasta", mizaha ambayo iliwalenga watu wasiohusika na uamuzi. Mtu hawezi kutoa asichonacho, na atakayesema kijana yeyote anafaa kufundisha matamshi na sarufi yote ya Kiingereza anajidanganya.

Jibu la pili ni kisomo. Mwaka 1967 karibu watu wazima wawili kati ya watatu Tanzania Bara hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kufikia mtihani wa taifa wa 1975 wasiojua walikuwa wameshuka hadi asilimia 39. Mwaka 1986 walikuwa kama asilimia 10. Waliofundisha kwa sehemu kubwa walikuwa watu wa kujitolea wenye elimu ya msingi, kwa posho ndogo sana, jioni, chini ya miti na katika ofisi za chama. Walifaulu kwa sababu hawakuachwa peke yao. Walipewa vitabu vya kiada vilivyohusu pamba, migomba na uvuvi, walipewa mafunzo mafupi, redio iliwafuata na kampeni kama Mtu ni Afya ya 1973, na lugha waliyofundishia ilikuwa yao na ya wanafunzi wao. Kazi yao ilikuwa na mipaka. Mwalimu wa kisomo hakuambiwa afundishe kila kitu. Aliambiwa afundishe kusoma, kuandika na kuhesabu, na alipewa kitabu cha kumshika mkono.

Ndiyo maana narudia kwamba lengo liwe jembamba. Kijana wa kidato cha nne huenda asijue kuandika insha ya Kiingereza bila kosa, lakini vitabu vya kidato cha kwanza alishavisoma, anakumbuka vilimtesa wapi, na vyote vimeandikwa tayari. Hahitaji kutunga Kiingereza cha kichwani mwake. Vingi vinapatikana bure katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na simu moja yenye kioo kipana inatosha kwa kunakili ukurasa ubaoni. Mpango wa jioni moja unaweza kuwa hivi: ukurasa mmoja wa jiografia au biolojia, maneno manane mapya, kila mtoto na daftari lenye safu tatu, yaani neno, matamshi yake kwa herufi za Kiswahili, na sentensi yenye maana yake. Kisha mada yenyewe inajadiliwa kwa Kiswahili mpaka ieleweke, ndipo ukurasa unasomwa tena kwa Kiingereza, mara hii na watu wanaojua kinachosemwa. Matamshi yakiwa na kasoro, yatasahihishwa na walimu wa sekondari. Asiyeelewa kabisa hana cha kusahihishwa.

Watu wenyewe wapo, na kalenda ya shule imewapanga kama wakimbiza vijiti. Waliomaliza kidato cha sita Mei, na mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) yakiwa yamekwisha, hukaa nyumbani Septemba na Oktoba wakisubiri vyuo vifunguliwe. Wanapoondoka, Novemba inawaleta waliomaliza mitihani ya kidato cha nne, ambao hawatakwenda kidato cha tano hadi Julai. Shirika la CAMFED, linalosaidia wasichana kusoma, limeonyesha kwamba wasichana waliosoma kwa msaada wanaweza kurudi shuleni kama waelekezi wa wadogo zao, na shirika hilo halikuwaacha watoke mikono mitupu: limewafungulia mikopo isiyo na riba na cheti kinachotambulika. Kujitolea si lazima kuwe kufukarika. Barua ya mkuu wa shule inayosema kijana huyu alifundisha jioni katika zamu yake yote bila kukosa ingekuwa na uzito kwa mwajiri, na halmashauri haigharimiki chochote kuitambua.

Sharti moja halina mjadala. Anayekusanya watoto wa watu ajulikane. Serikali ya mtaa iwe na jina lake, watu wazima wawe wawili, mlango uwe wazi, na darasa liishe kabla giza halijaingia. Kujitolea kusimfanye mtu yeyote, jirani au mgeni, akwepe kuulizwa maswali.

Limebaki pingamizi linalonisumbua kuliko yote, kwa kuwa linatoka kwa watu ninaokubaliana nao. Wanasema kila darasa la jioni linalofanikiwa linaipa serikali kisingizio. Ukuta ulijengwa na sera, kwa nini watu maskini waupande kwa ngazi za kujitengenezea? Na kuna ukweli hapo: tayari shule nyingi za umma zinaendeshwa kwa kutegemea wahitimu wa ualimu wanaofundisha bure wakisubiri ajira, na nafasi iliyozibwa bure haina haraka ya kujazwa. Kwa hiyo darasa la jioni lisihesabiwe katika takwimu za walimu, wala mkuu wa shule asilitumie kufuta vipindi vya Kiingereza vya mchana. Na anayejitolea ana haki, kwa kweli ana sababu kuliko wengine, ya kusema hadharani alichokiona, kwamba watoto walewale walioshindwa swali kwa Kiingereza walilijibu kwa Kiswahili palepale. Ushahidi huo, ukikusanywa kata kwa kata, ungewasaidia akina Qorro kuliko makala hii.

Lakini siwezi kukubali kwamba mtoto asubiri. Tangu mapendekezo ya Makweta imepita zaidi ya miaka 40, na aliyekuwa kidato cha kwanza wakati ule leo huenda ana wajukuu walioko Kayumba. Mwalimu Nyerere aliwahi kukiita Kiingereza Kiswahili cha dunia, na wanaotetea sera ya sasa hupenda kulirudia neno hilo. Wangelifuata mpaka mwisho wangeona kwamba Kiswahili tulikieneza kwa kisomo, kwa vitabu vya pamba na migomba, kwa mtu kumweleza mwenzake jambo kwa maneno anayoyajua tayari.

Walimu wakuu wa shule za msingi, ombi hili ni lenu kuliko la mtu mwingine. Mtihani wa darasa la saba ukiisha, msiwaage watahiniwa kwa wimbo na soda peke yake. Waambieni kuna darasa, kuna kijana wa mtaani mwenye chaki, kuna siku tatu za wiki hadi Januari. Chumba kipo: kile walichofanyia mtihani, ambacho kuanzia saa kumi jioni huwa kimefungwa kwa kufuli na ndani hamna mtu.